Wakuu, naomba ushauri: Dracula kwa Kiswahili, nimwite mumiani?

NgalawaTanga (mleta mada)
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Kila Jumamosi huwa nawasomea vijana wa mtaani riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, ile ya 1897. Natafsiri mwenyewe usiku, wao wanasikiliza barazani. Wako kumi na mmoja, wa kidato cha pili na cha tatu. Nimekwama. Huyu mnyonya damu nimwite mumiani au nimwache na jina lake? Halafu, mtafsiri ana haki ya kuruka kurasa? Jumamosi hiyo inakuja na usingizi sipati.

Kamusi_Kuukuu
Mumiani hapana. Mumiani wa bibi zetu ni mtu hai anayefanya kazi ya watu: anakamata wapita njia usiku, damu inakwenda kutengenezewa dawa. Ndiyo maana enzi za mkoloni wazimamoto, waliodhaniwa ndio mumiani, walikuwa wanakimbiwa Nairobi mpaka Kampala. Mwanahistoria Luise White aliuandikia uvumi huo kitabu kizima, 2000. Dracula ni maiti inayoamka, inanyonya kwa tumbo lake yenyewe. Andika mnyonyadamu, neno moja.

MamaWawili
Usingizi unakuruka kwa neno moja? Kurasa zipi hizo?

NgalawaTanga
Za Lucy. Yule binti aliyeongezewa damu ya wanaume wanne, akafa, akawa anatoka kaburini kuwinda watoto, mpaka mchumba wake mwenyewe akampigilia mti moyoni. Kwa watoto wa miaka 15 si nzito, dada?

Babu_wa_Baraza
Kijana, achana na kitabu hicho. Lucy ni kidogo, nenda kwa Mina, rafiki yake. Dracula kamnywesha damu yake kwa nguvu, mumewe kalala palepale hajitambui. Kesho yake wanamgusa na hostia, ule mkate mtakatifu wa misa, kwenye paji la uso, inamuunguza, na yeye ndiye analia kwamba amekuwa najisi. Aliyeonewa ndiye kapigwa chapa! Msichana akisikia hivyo, naye ana lake moyoni, atamwambia nani?

O_Hasi
Mimi nachangia damu tangu nina miaka 18, kila baada ya miezi mitatu. Mara ya kwanza shangazi alinifungia mlango, anasema nakwenda kujipeleka kwa mumiani. Alipokuja kupasuliwa yeye, zikatakiwa chupa mbili, ndugu wakaanza kutazamana. Nilitoa. Hakunifungia tena. Na hao madaktari wa Lucy nao! Makundi ya damu daktari Karl Landsteiner aliyatangaza 1901, riwaya imeshatoka. Damu ya watu wanne bila kupima, hata Dracula asingekuwepo angeweza kufa.

MamaWawili
Mleta mada, rudi hapa. Hizo kurasa hujaziruka tayari?

NgalawaTanga
Umenibana. Nimeziruka, na si hivyo tu. Kuna binti mmoja pale, mama yake alikuwa amelazwa baada ya kujifungua, damu ilimtoka nyingi, akawa anaongezewa. Nilipofika Lucy anapopewa damu ya Arthur, yule mchumba wake, na uso unaanza kurudi rangi, binti akaniuliza mbele ya wenzake, "Mjomba, huyu anapona?" Nikasema anapona. Nikafunga daftari. Jumamosi iliyofuata nikaendeleza: Lucy kaolewa, wamehamia mbali. Sasa mwenzao mmoja kakipata kitabu chenyewe kwenye simu ya kaka yake. Ila sioni kama nilikosea. Ningemjibu nini pale?

Jongoo_Mrefu
Hii chai, wakuu. Jana swali la kamusi, leo mzazi yuko wodini. Na hadithi yenyewe haisimami: Lucy akipona, akina Van Helsing, yule daktari aliyemtibu, wanaapa kumwinda Dracula kwa lipi? Huyu ana tafsiri anaitafutia soko.

Kahawa_Mbili
Chai ya tangawizi kabisa 😂 Mtaje binti aje athibitishe.

MamaWawili
Mtoto wa watu hatajwi hapa. Kama ni chai, nyamazeni tuinywe.

NgalawaTanga
Siuzi kitu. Lakini Jongoo umegusa penyewe. Nimefika pale wanaposhikana mikono kula kiapo, na kwangu hakuna aliyekufa. Vijana wananiuliza, kwani huyo mzee kawafanya nini? Sina jibu.

O_Hasi
Mama wa binti anaendeleaje?

NgalawaTanga
Katoka wiki iliyopita, yeye na kichanga. Binti alinikimbilia njiani akaniambia, "Mjomba, ulijua." Ndipo usingizi ulipokatika.

Babu_wa_Baraza
Basi usimngoje barazani mbele ya wenzake. Nenda kwao, mama akiwepo, useme ulichofanya. Kisha msomee kaburi la Lucy. Na kama utasoma kitabu chote, usiruke pale Mina, na alama yake usoni, anapowaambia wanaume wamhurumie hata Dracula. Hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu, nisidanganye.

Kamusi_Kuukuu
Na iwe mnyonyadamu.

NgalawaTanga
Nimemtumia mama ujumbe. Kasema nije kesho baada ya alasiri. Kaburi la Lucy sijalitafsiri hata mstari, ngoja niwashe taa.