Tanzanite au yakuti samawi: ipi inamfaa bi mkubwa?

Kijana wa Kisongo: Habari zenu wakuu. Nataka kumchongeshea bi mkubwa pete, nipo njia panda kati ya tanzanite na yakuti samawi. Muuzaji anasema tanzanite inatuliza moyo, yakuti inaondoa mawazo na kuleta usingizi. Ipi ina nguvu zaidi, na ipi inadumu? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa.

Fundi Pete: Kwa kudumu, yakuti. Ugumu wake ni 9 kwenye kipimo cha Mohs, juu yake ni almasi tu. Tanzanite haizidi 7, na ikigongwa vibaya inapasuka. Mama akisugua sufuria kwa mchanga, jiwe linakwaruzika. Tanzanite iwe hereni au kidani.

Broka Mstaafu: Mmenikumbusha machimbo ya tanzanite ya Mirerani, kabla hayajazungushiwa ukuta 2018. Unanunua jiwe lina ukahawia, unalipasha moto linageuka bluu. La kwangu nilikuwa na pupa na moto, likapasuka. Mtaji wote kwaheri, nikarudi kulima vitunguu.

Mja wa Mola: Mponyaji ni Mungu peke yake. Kutegemea jiwe ni shirki.

Mtani wa Jirani: Mimi ninayo mawe kwenye figo, ndiyo yananinyima usingizi. Hayo hayanunuliwi?

Mama Wawili: Kijana, "kutuliza moyo" maana yake nini? Mama anaumwa?

Kijana wa Kisongo: Presha kidogo tu.

Mama Wawili: Anameza dawa?

Kijana wa Kisongo: Kwa sasa amepumzika. Muuzaji alisema vidonge vinazuia jiwe lisifanye kazi. Lakini msinishambulie, mwenyewe alishavichoka, vinamkojoza usiku kucha. Tangu aache anasema mwili mwepesi. Na nusu ya hela ya tanzanite nimeshatanguliza.

Mama Wawili: Mwanangu, presha inapanda bila dalili. Wepesi wa mwili si kipimo. Mpeleke akapimwe, na amwambie daktari habari ya mkojo. Wapo wanaoambiwa wameze asubuhi, wapo wanaobadilishiwa dawa.

Kijana wa Kisongo: Sawa mama, ila haya mawe yametibu watu tangu enzi za mababu.

Broka Mstaafu: Mababu gani? Tanzanite imeanza kuchimbwa 1967, jina ikapewa mwaka uliofuata na Tiffany, kampuni ya vito ya New York. Yakuti ndiyo ina hadithi za zamani. Wahindi wanaiita neelam, jiwe la Zohali, na wengi wanaogopa kuivaa bila kuijaribu kwanza.

Sauti ya Nyika: Wakuu, hii chai. Akaunti mpya, uzi wa kwanza, majina ya mawe yamepangwa kama dukani. Muuzaji ni huyu huyu, anasubiri muulize bei.

Mtani wa Jirani: Weka risiti tuamini.

Kijana wa Kisongo: Risiti sikupewa. Angekuwa mama yako usingesema hivyo.

Fundi Pete: Hujapewa risiti? Basi lione jiwe lenyewe kwenye mwanga wa jua, uligeuze taratibu. Tanzanite itatoa bluu upande huu na zambarau upande ule. Likibaki rangi moja kila upande, huenda umeuziwa kioo.

Mama Wawili: Achaneni na jiwe. Vidonge viko wapi?

Kijana wa Kisongo: Kabatini. Kesho asubuhi nampeleka akapime. Fundi, ile nusu niliyolipa, naweza kumwambia aihamishie kwenye yakuti?