Tupeane uzoefu: baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu hapa Dodoma, ziruhusiwe?

Mbukwenyi wakuu. Jana jioni natoka sokoni Majengo, mkono mmoja mfuko wa nyanya, mwingine nimemshika mwanangu. Nyuma nasikia "Mama, pembeni!" Kugeuka, baiskeli ina magunia mawili ya mkaa, imejaza njia yote. Mtoto nilimvuta, nyanya zikaenda chini. Kijana akashuka, akaniokotea zilizobaki nzima, akaomba radhi. Nikamuuliza mbona hapiti barabarani. Akanyoosha kidevu tu: tanki la mafuta linapita. Nikakosa la kusema. Mliogongwa, na mliogonga, karibuni.

Spoki Mbili: Mgonga ni mimi. Nakanyaga Ihumwa hadi mjini kila siku. Lori likikupita, upepo wake unakutupa nje kwanza, halafu unakuvuta ndani. Ongeza na huu upepo wetu wa mwezi wa saba. Nikifika penye njia ya miguu ndipo napumua. Sasa siku moja nikampigia bibi kengele: akakimbilia kulia, na mimi kulia. Hakuumia, ila alinisema Kigogo mpaka nikakokota baiskeli hadi nyumbani. Siku hizi kengele sipigi, nasema "shikamoo bibi" kutoka mbali. Anasimama kuitikia, napita.

Mama Wawili: Kwangu hii si ya kucheka. Mume wangu haoni, anatembea na fimbo nyeupe. Bodaboda anaisikia ikiwa mbali, hata bajaji anajua inakokata kona. Baiskeli haina mlio. Mwaka jana iliikanyaga fimbo ikavunjika vipande viwili, mwenyewe akabaki amesimama hajui ageukie wapi, mwenye baiskeli keshapotea. Wiki tatu hakutaka kutoka peke yake. Kwa hiyo mkisema ziruhusiwe, mimi nakataa. Ukifika kwenye watu, shuka ukokote.

Nkuhungu Kwetu: Njia ya miguu ipi jamani? Huku ni mchanga na mtaro. Na mjini zimejaa mitumba na bodaboda zinazosubiri abiria. Mbona hao hamwaanzishii uzi?

Msomaji wa Usiku: Uingereza wanazuia kwa sheria ya mwaka 1835, wakati baiskeli za pedeli hata hazijaenea. Japani baiskeli mahali pake ni barabarani, ila mtoto chini ya miaka 13 na mzee wa 70 na kuendelea wanaruhusiwa njia ya miguu. Hiyo ingetufaa: wanafunzi na wazee wapite, wa mkaa abaki na magari.

Mwanzisha uzi: Abaki na lile tanki, mkuu?

Spoki Mbili: Mimi nina 34. Imebaki 36, nitavumilia.