Mjadala: Maji ya asteroidi ni ya aliyebuni mtambo au ni yetu sote?

Mwanakwetu: Wakuu, kuna mhandisi wa anga kule Marekani, Joel Sercel wa kampuni ya TransAstra, ana wazo la kuchimba asteroidi, yaani mwamba unaolizunguka jua huko angani, bila baruti wala nyundo. Unaifunika kwa mfuko mkubwa, unakusanya mwanga wa jua kwa vioo unaupiga kwenye mwamba, mwamba unapasuka wenyewe, mvuke wa maji unatoka unaugandisha, baadaye yanakuwa mafuta ya roketi. Sasa hayo maji ni ya nani? Mimi nasema ni ya binadamu wote, na hawa mainjinia wasiojua kitu zaidi ya hesabu waambiwe mapema.

Spana14: Hilo la "wasiojua kitu zaidi ya hesabu" umelitoa wapi? Mainjinia ndio waliotengeneza MOXIE, kisanduku chenye mng'ao wa dhahabu ndani ya Perseverance, gari la roboti la NASA (shirika la anga la Marekani) lililoko Mirihi, kinavuta hewa ya huko, kinaipasha moto mpaka nyuzi 800 hivi na kutoa oksijeni. Watu wanne walishatengenezewa ya mwaka mzima!

Bi_Hoja: Hapo umechemka kaka. Tangu Aprili 2021 hadi 2023 kiliwashwa mara 16, jumla gramu 122. NASA wenyewe walisema ni pumzi ya mbwa mdogo kwa saa 10.

Spana14: Kwa hiyo jasho la watu unalifananisha na mbwa??

Bi_Hoja: Siyo mimi, ni NASA! Soma kwanza ndo ukasirike.

Tulizo: Dada yuko sahihi kwenye gramu ila mnamwonea Spana. Lile lilikuwa jaribio, lilifika gramu 12 kwa saa, mara mbili ya lengo. Na shida kubwa siyo kupumua, ni kuondoka: roketi ya kuwainua watu wanne kutoka Mirihi inataka oksijeni tani 25 hivi ya kuchomea mafuta yake, nani atazibeba kutoka duniani?

Spana14: Asante mkuu, angalau mmoja anaelewa. Mbwa, mbwa, tangu saa ile.

Mwanakwetu: Jamani swali langu ni UMILIKI. Mkataba wa kimataifa wa anga wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kujitwalia Mwezi wala sayari, halafu Marekani 2015 wakapitisha sheria yao kwamba raia wao akichimba, alichochimba ni chake. Luxembourg nao wakafuata 2017. Hii haiwaumi?

Spana14: Inaniuma ulivyotutukana mainjinia. Futa kwanza.

Bi_Hoja: Mimi inaniuma, tena sana. Utafiti wa huo uchimbaji wa asteroidi kwa mwanga wa jua umepewa pesa na NASA, yaani kodi za watu. Mlipa kodi amelipia jaribio, maji yakipatikana auziwe tena?

Tulizo: Dada, hata dawa nyingi zinaanza na pesa ya serikali na bado tunanunua.

Bi_Hoja: Na hiyo ya dawa nayo ni haki? Nijibu hapo Tulizo, usikwepe.