MREJESHO: Sakafu juu ya jamvi lenye oili, Dodoma

Swali lilikuwa hili: chumba cha mita 4 kwa 3, jamvi la zamani (zege la chini) limelowa oili ya gari, sakafu mpya ya saruji ishikizwe nalo au itenganishwe?

Imetenganishwa. Saruji haishiki kwenye oili hata uisugue vipi, na sakafu ya milimita 25 ingebanduka na kulia kama debe tupu kabla vigae havijakauka. Nailoni nzito imetandikwa, maungio yakapandana sentimita 15, na ukanda wa sponji ukazungushwa ukutani. Isiposhikana na jamvi, unene usipungue milimita 50, kwa hiyo mlango umekatwa chini.

Kipimo ni saruji 1 kwa mchanga 4 wa chenga: mifuko 5 ya kilo 50 na toroli kama 11 za lita 60. Maji ndiyo mtihani. Finyanga konzi moja: donge lishikane, kiganja kibaki na unyevu tu. Likichuruzika, nyufa zinakuja. Fundi atataka kuongeza maji ili rula (ubao wa kusawazishia) iteleze, mkatalie.

Upepo wa Dodoma wa Juni hadi Agosti unakausha juu wakati chini bado mbichi, na kingo zinajikunja. Kona ya mlangoni iliyoachwa wazi usiku mmoja imeinuka kama milimita 3. Ukiigonga kwa sarafu inatoa mlio mtupu. Penginepo, palipofunikwa nailoni siku 7, pametulia.

Kona hiyo itakatwa na kumwagwa upya. Vigae vinasubiri: milimita 1 hukauka kwa takriban siku 1, baada ya kufunua.