Mwezi wa fantasia na mapenzi: kikundi chetu kinunue zipi?

BintiKibokoni
Assalaam aleikum wanabaraza. Mwezi huu nimemaliza riwaya tisa, tano za fantasia, yaani za uchawi na falme za kubuni, na nne za mapenzi. Nyingi nimezisomea kwenye feri ya Likoni, asubuhi na jioni, nyingine usiku watoto wakishalala. Tuko wanawake wanne tunaochanga kununua vitabu, na mchango wa mwezi ujao unatosha aina moja tu. Wenzangu wameniachia nichague, nami moyo umegawanyika.

Za mapenzi zinasomeka kwa vipande. Nikiteremka feri niko ukurasa wa 80, jioni nikipanda bado nakumbuka nani kamnunia nani. Kwa mtu mwenye kazi na watoto hilo si jambo dogo. Lakini tatu kati ya nne zilinichosha kwa sababu ileile. Kilichowatenga wapenzi kilikuwa neno moja tu, ambalo mmoja wao angelitamka, kitabu kingeishia sura ya tano. Ya nne ndiyo iliyonishika. Msichana ana mama mgonjwa wa kumuuguza, mvulana kapata kazi ng'ambo, na hapana aliyemkosea mwenziwe. Siku hiyo nilipitishwa kituo changu kwa kuisoma.

Fantasia inataka utulivu. Kurasa 50 za mwanzo ni majina ya falme, koo na milima, nawe umesimama kati ya watu na mikokoteni, utashika lipi? Moja niliianza mara tatu. Ila nikishaingia, sitoki. Katika mojawapo mchawi hupoteza kumbukumbu kila anapotumia nguvu zake: kwanza jina la mtaa wao, mwisho uso wa dadake. Nililia kuliko nilivyozililia zile za mapenzi zote. Kinachoniudhi ni mfululizo. Tatu kati ya tano zinakuacha njiani mpaka ununue juzuu inayofuata.

Basi nauliza kwa dhati, nyinyi mngeweka pesa wapi?

MuuzaVitabu_Mjini
Dadangu, nauza vitabu vilivyokwisha somwa, kwa hivyo nikwambie ninayoyaona mezani. Za mapenzi hutoka upesi na hurudi upesi, mteja huja baada ya wiki nimbadilishie kwa nyongeza kidogo. Fantasia mtu akinunua harudishi. Kwa kitabu cha kupita mikono minne, chukua mapenzi. Na mfululizo usiuguse mpaka uone juzuu zote ziko mbele yako. Mimi hupata ya tatu bila ya kwanza, na inakaa mezani mwaka.

MwalimuNyali
Nina neno juu ya mapenzi. Riwaya za aina hiyo zinazotoka Uingereza na Marekani zina desturi yake: msomaji ananunua akijua wawili watapatana mwishoni, kilichobaki ni njia tu. Ndiyo maana vizuizi vingine vinakuwa vyepesi, mwandishi anavuta muda. Waandishi wetu hawakujifunga hivyo. Soma *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1972. Mna kiu ya mapenzi na mna kiu ya mali, na anayepoteza ni Bahati aliyependa kwa moyo mweupe. Au *Siku Njema* ya Ken Walibora ya 1996, ambamo Kongowea Mswahili anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake, na mapenzi yake kwa Vumilia yanakwenda kando ya safari hiyo. Sisi wa Mombasa jina la Kongowea tunalijua vizuri! Kwa hivyo usihukumu mapenzi yote kwa vile vitabu vitatu.

BintiKibokoni
Mwalimu, umenifungua macho. *Siku Njema* niliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, sikuwahi kuifikiria kama hadithi ya mapenzi.

Mjukuu_wa_Lamu
Nami nisemee fantasia, maana watu huizungumza kama bidhaa iliyoshuka na meli juzi. Nyanya yangu alitusimulia Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani, kabla hatujajua kusoma, na Muhammad Kijumwa aliuandika utendi wake 1913. Liyongo haingiwi na mkuki wala mshale. Kinachomuua ni kimoja, sindano ya shaba kitovuni. Adui zake wakamlaghai mwanawe akamuulize siri hiyo. Baba alihisi kijana katumwa, na bado akamwambia. Akachomwa usingizini, akaamka, akaenda kisimani na upinde wake, akapiga goti, akauvuta, akafia hapo hapo. Watu wakakosa maji kwa hofu, wakidhani yu hai, mpaka mamake akaenda kumsihi.

Dada, yule mchawi wako anayesahau uso wa dadake ni wa ukoo huu. Nguvu ina mpaka, na mpaka umewekwa pale anapopenda. Ile riwaya ya mama mgonjwa nayo ilikushika kwa jambo hilohilo.

UmmuTwaha
Shoga, mwanangu wa miaka 14 hasomi kitu kisicho na majini. Nilimpa *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, ya 1952, akaimaliza jioni mbili, nami nikaisoma baada yake. Ndugu wawili wamegeuka manyani, na kila usiku Adili sharti awachape, naye anawapenda. Ni nyembamba, na inakwisha humo humo.

MwalimuNyali
Naunga mkono. Lugha yake ni ya zamani kidogo, lakini ukiisoma kwa sauti inateleza.

BintiKibokoni
Nimewasoma wote mara mbili, na Mjukuu nimemsomea mume wangu kwa sauti, naye kanyamaza kitambo. Tutaanza na Adili. Haina majina hamsini ya falme, haina juzuu ya pili, na mmoja wetu ambaye macho hayamsaidii tena tutamsomea. Pesa zikibaki nitaongeza *Kiu*, ingawa ninajua wenzangu wawili watanilaumu kwa kuwaliza.

Kakangu muuza vitabu, kama Adili iko mezani niwekee nakala mbili. Jumamosi baada ya adhuhuri nitapita.