Mjadala: Je, Kutch itengwe na Gujarat na kuwa jimbo kamili la India?

Ndugu wachangiaji,

Wanaotaka Kutch, wilaya ya jimbo la Gujarat magharibi mwa India, iwe jimbo hutanguliza historia: kwamba nchi hiyo ilitawaliwa na Warajput (tabaka la watawala na wapiganaji) wa ukoo wa Jadeja, walioufanya mji wa Bhuj makao makuu katikati ya karne ya 16 na kushika hatamu hadi 1948; kwamba ilikuwa na sarafu yake, kori; na kwamba Kikachi, lugha ya Kutch, kinakaribiana zaidi na Kisindhi kuliko Kigujarati. Yote hayo ni kweli, lakini kwangu ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, kwani India ilipopata uhuru ilikuwa na tawala za kifalme zaidi ya 500, na nasaba ya mfalme haikuwa kipimo cha kuchora mipaka ya majimbo.

Hoja ya utawala ina uzito zaidi. Kuanzia 1948 Kutch iliendeshwa na Delhi moja kwa moja kupitia Kamishna Mkuu, ikaunganishwa na jimbo la Bombay mwaka 1956, kisha tarehe 1 Mei 1960 ikawa sehemu ya Gujarat. Eneo lake, kilomita za mraba 45,674, linalizidi jimbo zima la Haryana, ingawa sensa ya 2011 ilihesabu wakazi wapatao milioni 2 tu, maana sehemu kubwa ni Rann, tambarare za chumvi zinazofunikwa na maji msimu wa mvua. Maisha yake yalielekea baharini, kwenye bandari za Mandvi na Mundra. Wasomaji wa Unguja watakumbuka kampuni ya Jairam Shivji, ya wafanyabiashara Wahindu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, waliokodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha ya Sultani katika karne ya 19.

Hata hivyo, kinachoamua mambo huko ni maji. Pale Lakhpat, kaskazini-magharibi, bado zimesimama kuta za mawe zenye urefu wa takriban kilomita 7, zilizojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 kuulinda mji wa bandari uliokuwa na neema, na leo ndani yake mmebaki kaya chache. Watawala wa Sindh, nchi jirani ambayo leo iko Pakistan, walikuwa wamekwisha kuziba kwa mabwawa tawi la mto Indus lililonywesha mashamba ya mpunga ya upande huu. Tetemeko la Juni 1819 likamalizia kazi kwa kuinua tuta refu linaloitwa Allah Bund, lililozuia maji ya mto.

Sasa Kutch inategemea mfereji wa Narmada, nayo iko mwisho wa tawi la mfereji huo. Mgao wa maji ya mto Narmada wa mwaka 1979 uliipa Gujarat ekari-futi milioni 9 (ekari-futi moja ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja), Madhya Pradesh 18.25, Rajasthan 0.5 na Maharashtra 0.25. Kutch haimo kwa jina lake. Inakunywa kutoka fungu la Gujarat. Ikijitenga, itarudi kungojea maji yanayopitia kwanza mikononi mwa serikali nyingine, kama ilivyokuwa Lakhpat.

Kwa hiyo napendelea ibara ya 371 ya Katiba ya India, inayoruhusu Kutch kuwa na bodi yake ya maendeleo ndani ya Gujarat, itumiwe kwa dhati. Anayetaka jimbo kamili atueleze fungu la maji la Kutch litatoka katika mgao wa nani, na kwa nini huyo akubali kulitoa.