Wadau, mzee ninayemlea Athens anataka nichome madaftari yake kabla binti yake hajafika

Ua la Pangani: Habari za jioni wadau. Naishi Athens mwaka wa 14 sasa, kazi yangu kulea wazee majumbani. Mzee wangu wa sasa ana miaka 86, alikuwa mwanadiplomasia. Aliingia wizarani 1965. Makanali walipopindua serikali tarehe 21 Aprili 1967 hakuacha kazi, akaenda nao mpaka walipoanguka Julai 1974, kisha akatumikia serikali za kiraia hadi kustaafu. Juzi kanionyesha sanduku la madaftari ya miaka ile, kasema, "Yachome. Binti yangu anakuja Jumamosi." Usingizi umenipaa. Nifanyeje?

Dereva wa Usiku: Dada, mwenye mali kasema choma, wewe choma. Kesho ukikosa kazi, sisi humu hatutakulipia kodi.

Bi Shamsa: Pole mwanangu. Mimi linalonikera ni huyo mzee. Alimezaje mshahara wa watu waliokuwa wanatesa wenzao? Giorgos Seferis naye alikuwa balozi, mshairi mwenye Nobel ya 1963. Machi 1969 alitoa tamko la kuwapinga makanali, likasomwa BBC. Wakamvua cheo chake cha heshima cha balozi na pasi ya kidiplomasia. Alipofariki 1971 umati uliomzika ulijaza barabara za Athens. Kusema kuliwezekana.

Mwalimu Kasuku: Bi Shamsa, shikamoo, lakini Seferis wakati huo alikuwa ameshastaafu. Alipokuwa bado kazini alimtumikia dikteta Metaxas, na kuanzia 1938 alikuwa idara ya habari, akishughulika na waandishi wa nje. Mtu anayengoja mshahara mwisho wa mwezi hupima maneno. Baba yangu mdogo alimwendesha balozi mmoja enzi za Amin. Kila wakiitwa Kampala, balozi alimwachia bahasha ya mkewe, maana hakujua kama atarudi. Baba mdogo mpaka leo akiona bahasha ya kaki mezani, anaigeuza kifudifudi.

Mtafiti Huru: Jamani, turudi kwa dada. Hayo madaftari yana nini ndani? Na je, yote bado yamo sandukuni?

Ua la Pangani: Moja halimo. Liko chumbani kwangu. Sikuiba! Nililitoa nisome, nikashindwa kulirudisha. Mzee alikuwa kwenye ubalozi mdogo Ujerumani Magharibi, kule walikokwenda vibarua Wagiriki baada ya mkataba wa 1960. Humo kuna majina ya waliohudhuria mikutano ya kuwapinga makanali. Pasi zao zikiisha muda walinyimwa mpya.

Dereva wa Usiku: Hapo sasa umejitia matatani. Lirudishe usiku huu.

Bi Shamsa: Mwanangu, amana ni amana hata ya mtu mbaya. Alikuamini.

Ua la Pangani: Bi Shamsa, nakuheshimu, ila amana ni kutunza. Huyu ameniomba niangamize. Na mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha, namjua akilia usiku. Simwonei.

Mtafiti Huru: Kuna jambo wengi hamlijui. Agosti 1989 serikali ya Ugiriki iliteketeza mamilioni ya mafaili ya polisi yaliyowahusu raia, kwa jina la maridhiano. Yaliingizwa kwenye tanuri la chuma. Wapo wanahistoria wanaosikitika mpaka leo. Huenda daftari hilo ndilo pekee linaloonyesha mtu fulani alifanyiwa nini.

Kobe wa Tanga: Naona mnapelekwa tu. Hadithi hii imetungwa. Mwanadiplomasia gani anabeba orodha za siri kwenda nazo nyumbani? Karatasi za ubalozi hubaki ubalozini. Na mlezi wa wazee anasomaje mwandiko wa Kigiriki wa miaka 50 iliyopita?

Mwalimu Kasuku: Hata mimi nilianza kushuku.

Dereva wa Usiku: Basi nimewahurumia bure.

Ua la Pangani: Si karatasi za ubalozi, ni madaftari yake mwenyewe, ya mstari, kama ya shule. Kigiriki nimejifunza kwa kusoma vyeti vya dawa na barua za benki za wazee. Nasoma polepole, lakini nasoma.

Kobe wa Tanga: Tuandikie mstari mmoja uliomo.

Ua la Pangani: Sikutaka kuufikia huu. Jina la nne ukurasa wa pili ni la jirani yetu wa ghorofa ya chini. Ni mzee mwenzake, kila Jumapili namshushia mkate. Alishanisimulia kwamba 1971 alikuwa kiwandani Ujerumani, pasi imekwisha, mama yake akazikwa kijijini yeye hayupo. Kwenye daftari, mbele ya jina lake, imeandikwa "asipewe". Chini yake, kwa wino mwingine: "Mama amefariki. Ameomba tena. Asipewe." Wamesalimiana kwenye ngazi miaka yote niliyokaa hapa.

Bi Shamsa: Ya Rabi.

Kobe wa Tanga: Dada, nisamehe. Huyo wa chini anajua?

Ua la Pangani: Hajui. Leo nimeshuka mpaka mlangoni kwake, nikasikia redio, nikasimama. Sijabisha. Mzee wangu asubuhi ameuliza kama nimeshachoma, nikamwambia bado, akasema, "Na lile la kijani?" Ndilo ninalo. Anajua ni lipi. Sasa hivi amelala, na daftari liko jikoni ndani ya mfuko wa unga.